Nilimpokea Mwanasesere kwa Mikono Miwili, Nikaitwa Mwizi

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Kitale, na kwa sasa naishi Temple Hills, huku Amerika, pamoja na binti yangu Nekesa. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Nawaogesha, nawalisha, nawavalisha, nawasikiliza. Sioni haya kuitaja kazi hiyo kwa sababu ndiyo iliyosomesha watoto wangu.

Nawaandikia nikiwa na hasira. Najua wengi huandika mikasa yao baada ya kusamehe. Mimi sijasamehe! Na sitaki mtu anitumie mistari ya Biblia kwa simu akishasoma haya. Someni tu, mjue jinsi mtu uliyemlaza kwako anavyoweza kukuchimbia kaburi mchana kweupe huku akikuita dada.

Mtu huyo anaitwa Everlyne. Tulisoma naye shule moja ya msingi, tukachota maji kisima kimoja. Alipoingia Amerika hakuwa na pa kwenda. Ni mimi niliyempokea uwanja wa ndege, nikampa chumba cha binti yangu, Nekesa akahamia sebuleni. Ni mimi niliyempeleka kusomea cheti cha kutunza wagonjwa, na alipokipata, nikamwombea kazi katika kampuni yangu. Nekesa hakumpenda hata siku moja. "Mom, she's fake," aliniambia, yaani mnafiki. Nikamkemea kwamba watoto wa huku hawana utu. Laiti ningalimsikiliza…

Nilikuwa nikimtunza mama mmoja wa College Park. Sote tulimwita Miss Dot. Alikuwa Mmarekani mweusi, amestaafu kazi ya ofisini, hakuolewa wala hakuzaa. Ndugu yake wa karibu alikuwa mpwa wake Carolyn, anayeishi mbali, Woodbridge, ambaye alikuja Jumapili moja moja barabara ikimruhusu. Kwa hiyo kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, Miss Dot alikuwa na mimi. Na wanasesere wake.

Ndiyo, wanasesere! Chumba kizima kilikuwa na makabati ya vioo, na ndani yake wamepangwa wanasesere wa kauri, wazee kuliko Miss Dot mwenyewe, na macho yao ya kioo yakikufuata kila unapogeuka. Siku ya kwanza nilifungua mlango huo nikaufunga palepale. Mimi ni mtu wa kanisa. Nilisema kimoyomoyo, Bwana, umenileta wapi?

Miss Dot akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia niingie, nikae, na ninyooshe mikono. Akaniwekea mmoja mapajani. Basi nikaanza kufundishwa.

Alinifundisha kwamba kauri ya uso wa mwanasesere haing'arishwi kama ya sahani. Huachwa bila kung'aa ili ifanane na ngozi ya mtu, na rangi ya mashavu huchomwa motoni pamoja nayo, ndiyo maana haifutiki. Alinieleza juu ya vijiji vya Ujerumani vyenye udongo mweupe na misitu ya kuni, ambako familia nzima, bibi hadi mjukuu, walikaa mezani wakichora nyusi na midomo. Alinieleza kwamba Wafaransa walianza na wanasesere wa kike waliokomaa, wa kuonyesha mitindo ya nguo kwa matajiri, na baadaye ndipo wakaja wale wenye sura za watoto. Akanionyesha kuinua nywele za kisogoni, kutafuta alama ya kiwanda iliyokwaruzwa kwenye kauri kabla haijachomwa. Akanifundisha kumulika tochi ndani ya kichwa ili kuona ufa ambao macho hayauoni kwa nje.

Na alinionya jambo moja kila siku: maji yasiwaguse! Kichwa ni kauri, lakini mwili ni unga wa mbao uliokandwa kwa gundi. Vumbi lilitolewa kwa brashi laini na subira, basi.

Sasa sikilizeni kwa nini aliwakusanya. Alipokuwa mdogo, mama yake alifagia nyumba ya wazungu. Humo kulikuwa na mwanasesere wa kauri kwenye kiti chake, na Miss Dot akakatazwa hata kumkaribia. Alipopata mshahara wake mwenyewe akaanza kutafuta, na aliwatafuta hasa wale weusi. Wapo, ingawa ni wachache. Wengi wao, aliniambia kwa uchungu, ni sura ileile ya kizungu iliyopakwa rangi ya kahawia. Lakini wachache sana walichongewa uso wao wenyewe, pua yao, midomo yao, na rangi yao imo ndani ya udongo. Mmoja wa hao alikuwa kipenzi chake. Alimwita Augusta.

Nilimpenda yule mama. Nalisema wazi, nilimpenda kama mama yangu aliyezikwa nyumbani nikiwa huku, nisimzike kwa mikono yangu. Jumamosi nyingine, siku yangu ya kupumzika, nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi maonyesho ya wanasesere. Siku moja muuza wanasesere aliniona nimemshika mmoja, akanipokonya, akamuuliza Miss Dot kama msaidizi wake amenawa mikono. Mnajua Miss Dot alimjibu nini? Alimwambia, "Mikono hiyo ndiyo inayoniogesha mimi. Ikinifaa mimi, itakufaa wewe na takataka zako." Tukaondoka tukicheka njia nzima ya kurudi.

Lakini akili yake ilikuwa imeanza kumponyoka. Angenisimulia jambo asubuhi, akalirudia kabla ya chakula. Mara nyingine aliniuliza kama mama yake amesharudi kutoka kazini. Daktari alisema itazidi.

Siku moja, akiwa ametulia vizuri, aliniambia nimletee Augusta. Akamkumbatia, akamnyoosha nguo, kisha akanipa. Akasema, "Huyu ni wako. Nikifa watamweka kwenye meza ya vitu vya kuuza uani, kando ya vikombe vilivyovunjika. Wewe unamjua. Mchukue leo, nikiwa bado najua ninampa nani."

Wenzangu wa kazi hii mnajua sheria. Haturuhusiwi kupokea chochote kutoka kwa tunayemhudumia, hata kikombe! Nilimwambia hivyo. Akakasirika, kisha akalia. Aliniuliza kama namwona mtoto asiyejua anachofanya.

Niambieni, mngefanya nini? Kwetu, mzee akikunyooshea mkono wenye kitu, hukatai. Kukataa ni kumtupia baraka zake usoni. Sisi tumelelewa hivyo, na Amerika haijanitoa malezi. Nikapiga goti, nikampokea Augusta kwa mikono miwili. Miss Dot akaniwekea mkono kichwani, mzee mwenyewe asiyejua mila zetu! Nikaenda naye nyumbani.

Sijutii kumpokea. Najutia kumweleza Everlyne.

Wakati huo Everlyne alikuwa amehama kwangu na kupata chumba chake. Mimi ndiye niliyempendekeza amtunze Miss Dot siku za Jumamosi na Jumapili. Nilidhani nimewatendea mema wote wawili. Lakini Everlyne hakuridhika na wikendi. Alizitaka siku zangu. Aliniambia mara kadhaa, kwa mzaha, kwamba mimi nimekalia asali peke yangu. Nilicheka naye, nisijue kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Ushirika wetu wa maombi huzunguka nyumba kwa nyumba, na mwezi ule ulikuwa zamu yangu. Watu wakala, wakaimba, wakaenda. Everlyne akabaki kunisaidia vyombo. Akaingia chumbani mwangu kuchukua koti lake, nikasikia ukelele.

"Weh! Haki ya Mungu, nini hii inaniangalia hivi? Si hii ni ya Miss Dot? Umeiget aje?"

Nikamweleza kila kitu. Nikamwambia moyo wangu una shida, kwamba nataka kumwambia Carolyn lakini naogopa kampuni. Nikamwomba tushikane mikono tuombe, Mungu anionyeshe namna. Mtu akikuletea ombi la maombi, hilo ni jambo la madhabahuni, halitoki nje. Everlyne alinishika mikono yangu, akaomba kwa machozi. Machozi kabisa!

Wiki hazikupita nyingi. Nilikuwa namlisha Miss Dot supu nilipopigiwa simu na msimamizi wangu. Akaniamuru nichukue mkoba wangu nitoke, niache kijiko hapohapo, mtu mwingine yuko njiani. Nilipofika mlangoni, nani aliyekuwa akishuka kwenye gari? Everlyne. Akainamisha kichwa, akaniambia, "Pole dada, Mungu yuko." Nami mjinga nikamshukuru! Nikamwelekeza supu ilipo!

Ofisini waliniuliza kama nina mwanasesere wa mteja. Nikasema ninaye, nilipewa. Msimamizi akaniambia kwamba zawadi pekee ingetosha kuniadhibu, lakini kuna kubwa zaidi. Wamemuuliza Miss Dot mwenyewe. Miss Dot amesema hakumpa mtu Augusta. Amesema Augusta aliibwa… na aliyemwiba ni mimi.

Jamani! Nilisema haiwezekani, mama yule ananipenda, muulizeni tena. Wakasema wamemuuliza tena, na jibu ni lilelile.

Nikamrudisha Augusta siku hiyohiyo, wakamfungia kwenye kabati la ofisi. Nikasimamishwa kazi uchunguzi ukiendelea. Na katika kazi yetu, jina lako likishaandikiwa wizi, hakuna nyumba utakayofunguliwa. Nilipiga simu kila kampuni ninayoijua. Walikuwa wapole mpaka wakisikia jina langu. Binti yangu akawa anafanya kazi baada ya masomo, na mimi niliyekuwa nikiamka alfajiri nikawa nakaa dirishani nikitazama magari ya wenzangu yakienda.

Lakini hilo la kazi ningelivumilia. Lililonila ni Miss Dot. Nilikuwa nimemwahidi kwamba hatamalizia siku zake mikononi mwa mtu asiyejua anavyopenda chai yake. Na sasa alikuwa kule, akiamini nilimwibia! Nilitaka jambo moja tu duniani, kufika mbele yake aniangalie aseme, "Siyo wewe." Nikakatazwa hata kupita mtaa wake.

Na ushirika? Subirini mcheke. Kwenye kundi la simu, Everlyne aliandika kwamba tumwombee dada yetu mmoja ambaye adui amemnasa kwa mkono mrefu, tena amefuga sanamu za kizungu zenye mapepo. Hakutaja jina. Hakuhitaji! Wakajibu amina, amina, na vipicha vya viganja vya kuomba. Zamu ya kukaribisha ushirika ilipofika kwangu tena, nyumba yangu ikarukwa. Mama mmoja niliyemkanda mgongo alipojifungua aliniona kwenye duka la vyakula akageuza kigari chake. Ndugu wa maombi hao.

Nikamwendea Everlyne. Nilimuuliza kwa upole, wakati huo bado nina upole. Nikamwambia, wewe pekee ndiye niliyekuambia. Alinijibu bila kupepesa macho.

"Mimi nilireport juu dhamiri ilinisumbua. Ama ulitaka nikufichie dhambi? Na huyo mzee mwenyewe amesema uliiba. Sasa unataka kunifanya nini?"

Asante ya punda ni mateke. Nilitoka bila kuaga.

Sasa sikilizeni Mungu alivyomvua nguo, ingawa alichelewa mno kwa upande wangu. Everlyne aliwachukia wale wanasesere. Aliwaogopa, na pia aliona uchafu. Unajua sisi tulivyolelewa, mgeni akifika sufuria ziwe zinawaka kwa kusuguliwa na mashuka yanuke sabuni. Yeye aliona vumbi la miaka kwenye nguo zao, akaona hapa ndipo atakapomfurahisha Carolyn na kukemea mapepo kwa pamoja. Akajaza beseni kubwa la kuogea, mlemle msalani, maji ya moto, akamimina sabuni na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akawatumbukiza wote. Wote! Akawaombea humo wakiloweka. Kisha akaanza kusugua kwa sifongo ya chuma.

Miili ikavimba na kupasuka kama ugali uliosahauliwa majini. Mikono ikatoka kwenye mabega. Nywele zikabanduka. Gundi iliyoshika macho ikayeyuka, na macho ya kioo yakaangukia ndani ya vichwa, zikabaki nyuso nzuri nyeupe na nyeusi zenye mashimo.

Miss Dot alitaka kwenda msalani. Everlyne alimsukuma mpaka mlangoni, kwa fahari yake ya usafi, na yule mama akaona. Alipiga ukelele uliomleta jirani. Alijaribu kusimama awafikie, akaanguka, akavunjika nyonga. Akapelekwa hospitali, na kutoka hospitali akapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Hakurudi kwake tena.

Carolyn alikuwa na kamera ndogo sebuleni, kama ilivyo katika nyumba nyingi tunazofanyia kazi. Akafungua picha zilizokuwa bado hazijafutika ili ajue siku ile ilikwendaje. Siku niliyopewa Augusta ilikuwa imeshafutika, lakini akaona zaidi ya alichotafuta. Alimwona Everlyne amekaa mbele ya shangazi yake, kikombe mkononi, akimuuliza, "Augusta yuko wapi? Nani alimchukua?" Mama akisema hajui, Everlyne alimtajia jina langu. Akasema, "Alikuibia. Sema tena, nani alikuibia?" Akamwimbisha kama mtoto wa chekechea, siku baada ya siku, mpaka mama mwenye akili inayoponyoka akaushika wimbo. Na kila alipoushika vizuri, Everlyne alimpongeza, akampa biskuti.

Biskuti! Mniambie nisamehe nini hapo?

Carolyn akanipigia simu akilia. Kampuni ikafunga kesi, ikaniandikia kwamba hakuna ushahidi dhidi yangu. Neno pole halikuwemo. Everlyne akafukuzwa, akahamia jimbo lingine kabla watu hawajamuuliza maswali, na nasikia bado anatunza wazee. Ushirika ulituma wajumbe wawili na keki. Walisema tuyaache ya nyuma, sote ni binadamu. Nikawafungulia mlango ili watoke vizuri, na keki yao.

Mimi sikutaka keki. Nilimtaka Miss Dot. Carolyn alimchukua Augusta ofisini, akaniambia twende pamoja, na mimi ndiye nimkabidhi kwa mikono yangu. Alidhani mama akituona pamoja atakumbuka. Na mimi nilidhani hivyo. Nilivaa gauni alilolipenda, nikamchemshia chai yake nikaitia kwenye chupa.

Alikuwa amekaa karibu na dirisha, amekuwa mdogo kama mtoto. Akainua macho, akanitambua papo hapo. Wengine wote alikuwa amewasahau, hata Carolyn alimwita jina la marehemu dada yake, lakini mimi alinitambua! Moyo wangu ukaruka kwa furaha.

Kisha akavuta mkoba wake kutoka kitini, akaukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Alikuwa akinificha mkoba mimi.

Nikapiga goti, nikamwekea Augusta mapajani. Nikamwambia, "Miss Dot, nimemleta. Ulinipa mwenyewe, unakumbuka?" Alimgeuza, akainua nywele za kisogoni, akapapasa alama kwa kidole gumba kama alivyonifundisha. Uso ukalainika. "Ndiye," akasema. Carolyn akanishika bega, wote wawili tukaanza kulia.

Ndipo Miss Dot akaniangalia usoni kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa mtu yeyote, akaniuliza, "Na wale wengine umewapeleka wapi?"

Ningemwambia nini? Carolyn alijaribu kumweleza, lakini mama alianza kupiga kelele kwamba mwizi atolewe, na wauguzi wakaja wakaniomba nitoke. Nikatoka na chupa yangu ya chai. Miss Dot alifariki siku chache baadaye. Alikufa akiamini mimi ndiye niliyemmalizia wanasesere wake wote. Hakuna kampuni, hakuna kamera, hakuna mchungaji atakayenirudisha mbele yake nijitetee!

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mnaofanya kazi hii ya kutunza wazee wa watu, nawasihi. Mzee akikunyooshea zawadi, usimkatae kwa dharau, lakini mwambie kwa heshima aitoe mbele ya mwanawe au ndugu yake, na kampuni ijue siku hiyohiyo. Upendo wa mtu ambaye akili inamtoka hauwezi kukutetea kesho. Na msimwingize mtu kwenye kazi yenu kwa sababu tu mlichota maji kisima kimoja. Mchunguzeni kwanza. Siri zenu za moyoni mwambieni Mungu peke yenu, mlango umefungwa, kwa sababu kuna watu wanaofumba macho kwenye maombi ili wasikie vizuri zaidi.

Na wewe Everlyne, najua unasoma, maana umbea hujauacha. Sitakulaani. Nakuombea uishi mpaka uzee mkubwa, ukae kwenye kiti karibu na dirisha, na aje kukutunza mtu mwenye moyo kama wako.